Jimbo letu la zamani lilikatwa kabla sijampigia kura aliyeniokoa

Wakuu, habari za huko? Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Ni bibi yenu wa Nyakato. Shule sikwenda, mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu, mimi naongea. Nikidanganya mniumbue hapa hapa.

Zamani huku kote pembeni ya mji tulikuwa jimbo moja. Wagombea wawili tu: mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Sisi tusiosoma tunaangalia picha, tunatia alama, tunarudi kupika.

Yule wa nyumba alikuwa mpole, anaongea puani. "Ndugu wananchiii, nawaombaaa..." Nikamuiga kisimani, wanawake wakamwaga maji kwa kicheko. Nikawaambia, "Sisi Wasukuma wakulima tuache jembe? Nyumba inalima?"

Wajinga wenzangu wakanisikiliza. Jamaa akaanguka.

Haukupita mwezi, uchungu ukanishika. Siku mbili, mtoto hatoki. Mkunga akasema, "Hospitali, la sivyo tunazika wawili."

Gari mtaani ni moja tu. La nani? La Bwana Nyumba!

Mume wangu akaenda kumbishia hodi. Jamaa akaja, akaendesha mwenyewe. Njiani akageuka: "Mamaaa, nyumba hailimi, ila gari inayooo."

Nilicheka katikati ya uchungu, jamani! Binti akazaliwa mzima. Ndiye mama wa huyu anayebonyeza.

Nikaapa moyoni, akigombea tena kura yangu ni yake. Nikawa nasubiri uchaguzi.

Wakaja wenye ramani. Jimbo likakatwa, jina la zamani likafutwa, yeye akaangukia ng'ambo ya barabara.

Aliposimama tena kugombea, nikadamka mpaka kituo chao. Karani, sauti kama filimbi: "Bibi, jina lako halipo huku, jimbo lako lile!"

Nikamjibu, "Mimi sijahama, mmehama nyie."

Sikurudi nyumbani. Nikamsubiri kwake mpaka jioni, nikapiga goti, nikasema asante. Miaka yote ile sikuwahi kuitamka, naitunza niitie kwenye sanduku la kura!

Akafuta macho. "Mamaaa, keti, ugali unaiva."

Usiku ule matokeo yakatoka, kashindwa tena. Tulikuwa bado tunakula.

Nilichojifunza: asante usiipangie siku. Ipeleke ikiwa ya moto, wasije wenye ramani wakapita katikati yenu.

Haya, nani hamjamshukuru mpaka leo? Semeni, nasomewa zote.