Pesa Iko na Jina

Hii habari nilielezewa na jirani yangu wa hapa kambini Rubondo, mama mwenye alisomea kazi ya hesabu kule Bukavu. Alipeleka diploma yake ofisi moja ya Mbarara, huku Uganda, akitafuta kazi.

Bakamuuliza: "Nyabo," ni kusema mama, "pesa ya mkononi unaandika wapi mu kitabu ya hesabu?"

"Mu hamsini na saba."

Bakacheka. "Tunauliza wapi, hatuulizi ngapi!"

Kumbe kwetu Kongo kila fungu ya hesabu inaitwa kwa namba. Huku inaitwa kwa jina.

Bakamwambia afanye kwanza mutihani ya hapa. Sasa anajifunza majina, hata akiteka maji.

Miye ninajiuliza: pesa inaitwa kwa jina, na siye wakimbizi, pale ofisi ya Base Camp, banatuita kwa namba?

Haya bajukuu, mulale. Asubuhi nitawaamsha kwa majina yenu.