Nyumba Isiyokuwa na Mwenyewe

Ukitaka kujua wimbo umemchoma nani, ulimtafuta Nyamoita wa Suneka. Ndivyo mambo yalivyokuwa miaka ile ya mwisho ya sitini, santuri za wapiga obokano zilipokuwa zikiuzwa Kisii mjini. Obokano, lile zeze kubwa la nyuzi nane, halimtukani mtu waziwazi. Linataja ng'ombe aliyekonda au mke asiyepika, na mhusika anajijua. Nyamoita aliwajua hata kabla hawajajijua. Muuza ndizi huyo mwenye ulimi mkali alitua kikapu chake mbele ya duka la santuri la Vasant, akasikiliza, kisha akataja jina. Watu walivunjika mbavu.

Wapiga obokano waliorushiana vijembe zaidi walikuwa wawili: Manasseh wa Magwagwa, na Okemwa, kaka yake Nyamoita mwenyewe.

Siku moja ya soko Vasant aliweka santuri mpya ya Manasseh. "Mama, sikia hii. Iko na sumu," alisema.

Wimbo ulikwenda polepole. Ulisimulia nyumba yenye mgomba ulioinama upande wa kuume, na mbwa mweusi anayelala chini yake, hataki kuhama. Basi. Tusi halikuwamo, wala jina.

"Ni nani huyo, mama? Tuambie!"

Nyamoita alipenda kuulizwa, tusifiche. "Si ni boma ya Okemwa hiyo? Anasema kaka yangu amezeeka, amebaki kulinda ndizi!"

Wakacheka. Naye akacheka, kisha akakumbuka jambo. Upande wa kuume wa nyumba ndiko Wagusii wanakomzika mwanamume. Na Manasseh hakuwa akimkejeli mtu. Sauti yake ilikuwa ile ya kumwimbia marehemu. Hofu ilimwingia Nyamoita mpaka akasahau kikapu chake pale pale.

Kesho yake alikwenda Magwagwa. Manasseh alikuwa ameketi nje, obokano mbele yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nakuomba, mtoe kaka yangu kwenye wimbo wako."

"Kaka yako? Mimi sikumweka mtu humo, dada. Hiyo nyumba naiota. Nikiamka natetemeka kwa sababu sijui ni ya nani. Nikaiimba ili initoke, iende zake. Haikuwa na mwenyewe." Alimtazama kwa huruma iliyomtisha kuliko ukali. "Nani ameipa mwenyewe?"

Nyamoita aliondoka karibu akikimbia.

Alifika kwa Okemwa jua likiwaka. Upepo haukuwapo, lakini mgomba wa upande wa kuume ulikuwa umeng'oka na mizizi yake, ukaacha shimo la udongo mbichi. Mbwa mweusi alilala ukingoni. Nyamoita alimfukuza, akamrushia bonge la udongo. Mbwa alimwangalia tu.

Ndani ya nyumba nyuzi zililia. "Dada, ni wewe?" Okemwa aliita, mzima, mchangamfu. "Nimepata jibu la Manasseh! Njoo unisikilizie."

Nyamoita alikusanya pindo za nguo zake, akaingia shimoni, akaketi mahali pa kaka yake.

Okemwa alitoka mlangoni, akashangaa. "Wewe, toka hapo! Huo si upande wa wanawake."

"Sitoki," alisema Nyamoita, machozi yakimtiririka. "Wewe imba tu. Nakusikia kutoka hapa."