Mota iliyoungua Likasi, na chef aliyekubali kuonekana hajui kazi

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nimevaa miwani nikakaa chini, naandika. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na kuna kipande humu ndani ambacho hata mke wangu hajakisikia mpaka leo.

Kilichonichokoza ni ule uzi wa jana. Mkuu mmoja anauliza afanye nini ili wafanyakazi wake wawe na moyo wa kazi. Majibu yakaja: wanunulie T-shirt, wapeleke beach, weka picha ya "employee of the month" ukutani.

Jamani!

Mimi niko Kigoma miaka mingi sasa, ila nimezaliwa na kukulia Likasi, kule Katanga. Kwa hiyo Kiswahili changu mkiona kinapinda mnisamehe, na wale wa kusahihisha sarufi leo mpumzike.

Enzi hizo ni za Zaire, za chama kimoja. Kazi yangu ilikuwa kusuka mota, bobinage, katika karakana ya kampuni ya madini ya serikali. Mota ikiungua inaletwa kwetu, tunatoa nyaya zilizoungua, tunasuka mpya, tunachovya kwenye vanishi, kisha inaingia tanuruni kukauka. Tanuru sisi tuliita furu. Mota kubwa inakaa humo masaa nane, wakati mwingine zaidi. Ukiitoa mapema, juu inaonekana kavu lakini ndani vanishi bado mbichi, na ikibebeshwa mzigo inaungua.

Hilo kila msukaji alilijua. Hata mfagiaji wetu alilijua.

Tulikuwa watu tisa. Mkuu wetu tulimwita Chef Mbuyi (chef kwetu ni mkuu wa kazi, si mpishi), mtu mwenye asili ya Kasai, mfupi, mdomo wake mchafu balaa. Ukikosea anakwambia, "Kichwa yako ni ya kuvaa kofia tu." Asije mtu hapa akadhani nasimulia habari za mtakatifu.

Lakini yule mzee alikuwa na tabia moja. Asubuhi anapita meza kwa meza, na swali lake la kwanza halikuwa "umefika wapi". Alikuuliza, "Unapungukiwa nini?" Ukisema koleo, anakwenda kugombana stoo mpaka koleo linapatikana. Ukisema mtoto anaumwa, anakupa ruhusa ya saa moja na meza yako anaikalia yeye mwenyewe, anasuka. Miaka ishirini kwenye kazi ile. Wahandisi walikuwa wanatuma gari kumfuata akasikilize mota tu, aseme ina ugonjwa gani.

Jina lake kwenye kazi ndiyo mali aliyokuwa nayo. Kumbukeni hapo.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Ilitangazwa kwamba mkubwa fulani wa chama anakuja kutoka Kinshasa. Kwa vijana ambao hamkuiona hali ile: mkubwa akija, kazi inasimama, wafanyakazi mnatolewa kwenda kumchezea ngoma na kumwimbia. Tuliita animation. Asiyekwenda hahesabiwi mtoro wa kazi, anahesabiwa adui wa chama, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Asubuhi ile nilikuwa nimeingiza mota ya pampu tanuruni saa moja. Zamu ya tanuru ilikuwa yangu. Nikaandika kwenye daftari la tanuru: kuingia saa moja, sahihi yangu.

Saa tatu Délégué akaingia. Huyu ndiye alikuwa mtu wa chama pale kazini, hakujua hata bisibisi inashikwaje, lakini mkurugenzi mwenyewe alikuwa anamwogopa. Akapiga filimbi. Watu wote nje, lori linasubiri, asibaki hata mmoja.

Chef Mbuyi walishamchukua tangu alfajiri, walimtaka akae mstari wa mbele na wakuu wa idara wengine.

Mimi nikabaki nimesimama mbele ya tanuru. Lilikuwa bovu, joto lilikuwa linapanda lenyewe, lazima mtu awepo. Nikiliacha linawaka, karakana inaweza kushika moto. Nikibaki, mimi adui wa chama.

Nikazima. Nikaitoa mota, nisiiache humo bila mtu. Nikaandika: kutoka saa tatu. Nilifikiria kuandika saa ya uongo palepale, wallahi, lakini Délégué alikuwa mlangoni ananikodolea macho. Nikajisemea, nikirudi nitairudisha mota tanuruni na daftari nitalirekebisha.

Tukaenda, tukacheza juani mpaka nguo zikaloana. Mkubwa akapita na gari dakika chache, akapunga mkono, basi.

Tuliporudi alasiri, gari la kiwanda chenye ile pampu lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni. Msimamizi wao anapiga kelele, pampu imesimama, maji yanapanda, mota yetu iko wapi? Chef alikuwa bado hajarudi. Nikaigusa mota kwa kidole. Juu kavu.

Nikasema, "Iko tayari."

Maneno mawili tu hayo. Nisitafute mchawi: ngoma ilinitoa kazini, lakini mota ile niliitoa mlangoni mimi, kwa woga wa kukaripiwa. Na katika purukushani ile daftari nikalisahau. Kesho yake Chef alikuwa ameshalifungia kabatini mwake.

Siku ya tatu mota ikaungua. Pampu ikazama na kila kitu.

Wakuu, kuungua kwa mota ni kitu cha kawaida. Lakini enzi zile kulikuwa na neno moja, sabotage, yaani hujuma. Likishatamkwa neno hilo, suala linatoka karakana linakwenda kwa watu wengine. Kulikuwa na fundi wa idara ya jirani aliyechukuliwa kwa neno hilohilo, alirudi baada ya miezi, na mikono yake haikuweza tena kushika waya.

Na mimi wakati huo mke wangu Ngalula alikuwa amelazwa hospitali ya kampuni, mimba ya miezi minane, daktari kamkataza hata kusimama. Nyumba ya kampuni. Unga wa kampuni. Jina likifutwa, kitanda kinakwenda, nyumba inakwenda, vyote siku moja. Nilikuwa nikimpelekea uji asubuhi, ananiuliza, "Weye iko na nini? Mbona haukulala?" Namwambia baridi.

Rafiki yangu Mwansa, msukaji mwenzangu, akaninong'oneza, "Sema courant ilikatika." Nikamwambia umeme wa bwawa la Koni siku ile haukukatika hata dakika, watapiga simu moja tu na mimi kwisha.

Wakaja siku ya nne. Délégué, mhandisi wetu mkuu, na watu wawili wenye zile suti za kola bila tai, hawakutaja majina yao. Tukapangwa mstari, watu tisa. Chef Mbuyi akasimama pembeni, daftari la tanuru liko mkononi mwake.

Délégué akalichukua, akafungua, akapitisha kidole.

"Citoyen chef, hii signature ni ya nani?"

Chef akanitaja jina.

Délégué akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Motere iliingia saa moja, ukaitosha saa tatu. Kwa nini uliitosha?" Kutosha kwetu ni kutoa.

Sasa fikirieni mnijibie. Nikisema tulikwenda kucheza, maana yake ngoma ya chama ndiyo imeunguza mota, na hao wawili wamesimama pale wanasikiliza. Nikisema nilikosea, msukaji gani anakosea masaa sita? Hiyo ndiyo sabotage yenyewe. Na jibu alikuwa analijua! Ni yeye aliyepiga filimbi, ni yeye aliyesimama mlangoni. Alichotaka ni mtu wa kubebesha kabla mtu hajamuuliza yeye.



"Signature ni yake," Chef Mbuyi akasema. "Amri ni yangu."

Délégué akamgeukia.

"Weye njo ulimuambia atoshe?"

"Minye njo nilimuambia. Mbele ya kwenda, asubuhi."

"Kwa sababu gani?"

"Nilizania masaa mbili itaenea." Kuenea kwetu ndiyo kutosha kwenu.

Mhandisi akageuka akamtazama. Huyo ndiye aliyekuwa anamtumia gari. Akasema polepole, "Mbuyi. Miaka makumi mbili mu bobinage, weye unasema masaa mbili itaenea?"

"Nilikosea, ingénieur. Sikujua."

Sikujua! Chef Mbuyi! Kila mtu pale ndani alijua ni uongo. Mhandisi alijua, Délégué alijua, mfagiaji nyuma ya mlango alijua. Lakini ulikuwa uongo usio na pa kuushika. Mtu akisema mwenyewe kwamba ni mjinga wa kazi yake, utamwita msaliti kwa lipi? Na amri ya kutoa mota ikishakuwa ya asubuhi mapema, filimbi haimo tena kwenye habari. Délégué akaona amepata mlango wa kutokea, akaupita.

Wakaondoka na Chef.

Na mimi, wakuu, nilisimama palepale nimefunga mdomo. Sikusema "hapana, ni mimi". Nilimwangalia mzee wa watu akipanda gari, nikawa nafikiria kitanda cha Ngalula. Nina aibu nayo mpaka leo, ndiyo, tukaneni tu.

Alikaa huko siku tatu. Akarudi mzima, amekonda uso. Cheo wakamvua, wakaleta chef mwingine, yeye akarudishwa mezani kusuka kama sisi. Habari zikasambaa mji mzima. Watu wa idara nyingine wakawa wanamuuliza kwa kejeli njiani, "Mbuyi, vanishi inakauka masaa ngapi?" Anajibu, "Uliza bale banajua," anapita zake.

Siku aliyorudi nilikwenda kwake jioni. Kabla sijakaa akaanza.

"Ulikuya kufanya nini hapa?"

"Chef, nilikuya kuomba pardon."

"Minye haina tena chef. Na machozi usiniletee mu nyumba, bibi yangu anapika."

Nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Nilitegemea aniambie kuhusu Ngalula, maana habari zake alikuwa nazo. Wapi! Alikasirika.

"Unazania nilikuhurumia? Ile motere uliitoa mubaya, ungekuwa mutoto wangu ningekuchapa. Sikiliza. Mbele bakuye, nilifungua ile daftari. Nilikuwa ninatafuta bongo."

Bongo kwetu ni uongo, na "mbele bakuye" ni kabla hawajaja.

"Ningeikuta bongo mule, ningebaachia bakubebe. Lakini uliandika saa tatu. Ulijua itakuumiza, ukaandika saa tatu. Muntu wa vile sitoe kwa bale bantu."

Wakuu.

Mnajua tayari kwa nini niliandika saa tatu. Délégué alikuwa mlangoni. Na mnajua nilivyopanga kuibadilisha nikirudi, sema nilisahau.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, mkewe ananiletea maji, na ukweli uko hapa kooni. Mzee kaivunja heshima yake ya miaka ishirini kwa ajili ya uaminifu ambao mimi sikuwa nao. Nikasema, "Merci, chef." Nikanywa maji. Nikaenda nyumbani.

Ngalula alijifungua salama, mtoto wa kike.

Nikarudi kazini, na nawaambia ukweli, baada ya hapo nilikuwa mtu mwingine. Nilifanya kazi pale miaka mingi, halafu kwingine, halafu huku Kigoma nikafungua karakana yangu. Sijawahi kuandika saa ya uongo tena popote. Mara nyingine nilijiumiza mwenyewe, nilipoteza na wateja. Sikuwa naogopa bosi. Kila nikishika kalamu namwona yule mzee anafungua daftari akitafuta bongo.

Na wenzangu hivyohivyo. Chef mpya alikuja na makaripio na orodha za ukutani, tukamwitikia ndiyo bwana. Lakini mota tulisuka kwa ajili ya yule aliyekuwa amekaa mezani na sisi. Baada ya pale, mwenye mota yenye shaka alikuwa anasimama mwenyewe na kusema "hii yangu haiko sawa", kabla haijafika mlangoni. Nani angethubutu kumpeleka Mbuyi kwenye gari mara ya pili?

Kwa hiyo mkuu wa jana, jibu langu ni hilo. Watu wako wanataka kujua kitu kimoja tu: siku Délégué akiingia na daftari, wewe utasimama wapi? Wakishalijua hilo, beach watakwenda wenyewe.

Chef Mbuyi alifariki nikiwa tayari huku. Nilipata habari wiki mbili baadaye. Sikuwahi kumwambia.

Mara nyingine najiambia nilifanya vizuri, ningemwambia ningemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho kwenye ile habari, kuamini kwamba alimwokoa mtu mkweli. Mara nyingine najiona mwoga yuleyule aliyesema "iko tayari".

Ninyi mngemwambia? Nijibuni bila kuniremba, niko hapa nasoma.