Haijaguswa

Mjomba wangu hakagui gari lililokwisha kuwashwa. Sharti alikute baridi, maana injini iliyopashwa moto mapema, anasema, ni mgonjwa aliyemeza dawa mlangoni mwa daktari. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla hata ya kumsalimia muuzaji vizuri, aliweka kiganja juu ya boneti, akasubiri, kisha akaridhika. Kiganja cha kushoto, bila shaka. Fundi Mashoto ndilo jina lake mtaani, na kwetu hakuna anayenunua gari mpaka yeye atamke.

Mimi nilikuwa nimeshalinunua moyoni. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, milango miwili, limeinama mbele utadhani linanusa barabara. Nina miaka thelathini na minne, napiga watu picha za eksirei hospitalini, sina mume wa kunikataza wala watoto wa kukosa pa kukaa, na gari la namna hiyo nimelitamani tangu nikiwa shule ya msingi. Mama aliposikia alisema natafuta jeneza lenye redio, akamtuma kaka yake anisindikize. Nilijua ametumwa kuniharibia.

Muuzaji, mtu wa makamo mwenye duka la dawa, alikuwa na neno moja tu mdomoni: haijaguswa. Yaani haijagongwa, haijanyooshwa, haijapakwa rangi upya. Alilinunua hivyo na analiuza hivyo. Akaongeza kwamba mteja mwingine anafika saa nne. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mjomba hakushtuka. Alipitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye bati lote, ubavu hadi ubavu, kutafuta mahali palipozibwa isiposhika, akapima nafasi za milango kwa njiti ya kiberiti. Aliwasha injini akasikiliza huku amefumba macho, akanusa moshi, akapapasa matairi. Mimi nilikuwa natazama saa na kumlaani kimoyomoyo. Mwisho akasema injini ni nzima, twende tukaliendeshe. Karibu nimbusu.

Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka nilikanyaga mafuta. Gari liliitika, nikacheka peke yangu kwa raha. Mjomba hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo, anasikiliza nyuma ya viti, na hapo ndipo na mimi nikakisikia: kimlio chembamba, kama mlango wa kabati kuukuu.

"Punguza," akasema. "Rudi polepole, mwanangu. Shimo lolote utakaloliona, likwepe."

Sauti yake haikuwa ile ya siku zote, nikarudi nikikwepa kila shimo.

Uani kwa muuzaji alifungua buti bila kuomba ruhusa, akang'oa zulia, akaanza kukwangua rangi nyeusi ya chini kwa bisibisi. Muuzaji akamsogelea kwa hasira, akataka kujua nani atalipia uharibifu huo. Mjomba aliendelea kukwangua, halafu akaacha ghafla. Akachuchumaa pale, bisibisi mkononi.

Nilichungulia. Palikuwa na mshono wa kuchomelea uliovuka sakafu ya gari kutoka upande huu hadi upande ule. Kazini naona mifupa iliyoungwa kila siku, sikuhitaji kufafanuliwa. Yale yalikuwa magari mawili: mbele ya moja, nyuma ya jingine. Likikimbia sana au likigongwa, litarudi kuwa mawili, na mimi nikiwa katikati.

Muuzaji naye aliuona. Uso ulimbadilika, nikaamini kwamba hata yeye alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini dakika haikupita akajikaza.

"Mimi niliambiwa haijaguswa," akasema.

"Imeguswa," akasema mjomba. "Nimeigusa mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanionyesha kwa kidole: mafundi wengine husukuma mshono kuelekea kulia, huu umelala kushoto, na kila baada ya shibiri una kituo kidogo, pale alipokuwa akipumzisha mkono. Zamani, akasema, bosi wake alikuwa akinunua magari yaliyopondeka kwenye ajali, na yeye ndiye aliyekuwa akiyaunga nusu kwa nusu. Aliambiwa yanapelekwa mbali. Hakuuliza ni mbali gani.

Nilikasirika mpaka masikio yakaniuma. Huyu ndiye tuliyekuwa tukimpelekea kila gari la ukoo.

"Yalikuwa mangapi, mjomba?"

"Kumi na moja."

Muuzaji alishusha sauti. Alisema yaliyopita si ndwele, kila mtu amefanya makosa ujanani, sisi hatununui basi twende zetu salama, na mzee hana haja ya kujivunjia jina. Akarudisha zulia mwenyewe, akalisawazisha kwa mguu. Wakati huo huo geti liligongwa. Mteja wa saa nne alikuwa amefika na mkewe, wote wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kuposa.

Sitaficha: nilimshika mjomba shati. Nilitaka tuondoke. Aibu ya mjomba ni aibu yangu, na wale watu sikuwajua. Alinitoa mkono taratibu, akawahi getini kabla ya mwenye nyumba.

Aliwaeleza yote, hapo hapo wamesimama. Mke akafunika mdomo. Mume alitoa simu, akamuuliza mjomba kwa ukali jina lake halisi ni nani na gereji yake iko wapi.

Mjomba akamtajia, neno baada ya neno, akisubiri kila mara mpaka yule mtu amalize kuandika.