Alama Sita za Zebaki

Abdulatifu bin Shehe alizaliwa Kaisho, mwana wa mfanyabiashara aliyetoka Pangani na msafara wa nguo kisha akakosa sababu ya kurudi. Alirithi duka la chumvi na kaniki, akamwoa Maua, binti wa Kinyambo aliyesilimu, na hadi umri wa miaka thelathini hakutofautiana na jirani zake isipokuwa kwa utulivu wa mikono yake. Kwa sababu ya mikono hiyo, mwaka 1909, Mzungu mmoja mchunguzi wa mawe alimwajiri kusimamia wapagazi hadi mlima Ruwenzori na kutunza kipimajoto chake. Miongoni mwa wapagazi alikuwemo Byabato, ndugu wa pekee aliyembakia Maua.

“Duka likiungua tutajenga jingine,” Maua alimwambia mumewe siku ya kuondoka. “Huyu sina mwingine. Nirudishie.”

“Ananiaga kama mbuzi wa mahari,” Byabato akacheka. “Dada, mimi ndiye nitakayemrudisha huyu. Magoti yake yamezoea mkeka wa dukani.”

Walipoupita ukanda wa mianzi mlimani, waliingia katika msitu ambao kila gogo lilikuwa limeota manyoya ya kijani, na mtu akiita, sauti yake iliishia mdomoni. Huko yule Mzungu, ambaye wapagazi walimwita Bwana Mawe, alikwangua tope juu ya mwamba. Chini yake palikuwa na michirizi mirefu, iliyonyooka, yote ikielekea bondeni.

“Barafu ilipita hapa,” alisema. “Zamani sana dunia nzima ilipoa. Kwetu barafu ilizika nchi. Hapa ilishuka hadi chini ya kambi yetu ya jana.”

“Ilipoa kiasi gani, Bwana?”

Bwana Mawe aligusa kipimajoto mkononi mwa Abdulatifu. “Alama tano. Labda sita.”

“Sita!” Byabato akaguta. “Hizo huanguka Kaisho kila jioni kabla maharage hayajaiva.”

“Za Kaisho hurudi asubuhi. Zile hazikurudi kwa maelfu ya miaka.”

Abdulatifu aliingiza kidole katika mchirizi mmoja. Kilienea. Akahisi kwamba kilichouchora hakikwenda mbali. Kilipanda juu tu, na kilikuwa bado kipo.

Siku mbili baadaye, karibu na ukingo wa barafu yenyewe, ukungu ulifunga saa sita mchana. Bwana Mawe na viongozi wa mlima walikuwa mbele, hawaonekani. Abdulatifu na Byabato walibaki nyuma na sanduku la vyombo. Mvua yenye chembe za barafu iliwalowesha, na Byabato akaanza kutetemeka hata kamba ya sanduku ikamponyoka.

“Meno yangu yanapiga ngoma, shemeji, na harusi siioni.”

“Ni homa,” Abdulatifu alisema. Homa aliijua kama kila mtu wa nchi ile: kwanza tetemeko, kisha joto, kisha mgonjwa hutupa shuka, hutoka jasho na kulala, na nyumba nzima hushukuru. Alimketisha chini ya mwamba, akamfunika blanketi, akangoja.

Tetemeko likakoma.

“Joto limekuja,” Byabato alisema akitabasamu. Aliondoa blanketi. Akavua na rubugo yake, ile nguo ya gome la mti, akaikunja vizuri na kuiweka kando kama mtu aliyefika nyumbani.

“Alhamdulillahi. Lala basi.”

Ilikuwa saa ya kusoma kipimajoto. Zebaki ilisimama alama mbili juu ya sifuri. Kwa mara ya kwanza Abdulatifu alitoa sita kichwani mwake, akauona mteremko wote, msitu na bonde, ukiwa mweupe na kimya. Akainama kumfuta shemeji yake jasho, kama ilivyo desturi. Jasho halikuwapo. Kifua kilikuwa baridi kama jiwe la kusagia. Joto alilolitaja halikuwamo mwilini mwake; hii haikuwa homa.

“Byabato!”

“Usiwashtue,” alijibu Byabato polepole, kwa Kinyambo. “Ng’ombe wa baba wanarudi. Wale waliokufa kwa sotoka. Weupe wote. Wanashuka bila kwato.”

Huko juu, ndani ya ukungu, barafu ilipasuka mara moja, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.

Abdulatifu aliliacha sanduku. Alimvika shemeji yake, akamfunga mgongoni kwa kamba, akashuka. Kila Byabato aliponyamaza, alimfinya paja na kumtukana: “Mvivu wewe! Dada yako hubeba kuni nzito kuliko wewe!” Kambini walimlaza kati ya wanaume wawili, chini ya mablanketi yote, karibu na moto. Alasiri ilikuwa ndefu. Hatimaye taya lake lilicheza, kisha mwili mzima ukatetemeka hata wakamshika.

“Homa imerudi!” mpagazi mmoja akalia.

“Iache irudi,” Abdulatifu alisema, machozi yakimtoka.

Maua alirudishiwa ndugu yake, amepungukiwa vidole viwili vya mguu. Abdulatifu hakusafiri tena. Byabato alilima migomba yake, akala, akataniana na watu kama zamani. Siku moja tu dada yake alimwuliza kama aliteseka sana.

“Sikuteseka. Nilikuwa kwa baba. Kulikuwa na joto, na zizi limejaa.” Alimtazama Abdulatifu, aliyekuwa akipima chumvi mlangoni. “Huyu ndiye aliyenitoa.”

Maua alingoja acheke. Hakucheka.