Mti Unaopumua

Kwa miaka thelathini na tisa Augustin Lifindiki alikuwa mpima-maji. Alikaa kwenye omo, mbele kabisa ya boti za mbao ziendazo Isangi, akichoma mto kwa upondo, mti mrefu wa kupimia kina, na kumwonyesha mwendeshaji njia kwa mkono. Kisha zikaja simu zenye ramani, na wapima-maji wakaachishwa mmoja mmoja, bila hata kuagwa. Upondo wake sasa ni mti wa kuanikia nguo.

Asubuhi ile alimsindikiza binti yake Germaine mpaka ukingoni. Magunia ya chumvi na katoni za sabuni za binti vilikwisha kupakiwa botini, naye mwenyewe amekwisha panda. Hapakuwa na upepo. Mto ulilala laini kama mawese ndani ya sahani. Ndipo alipoona mikunjo mitatu myembamba ikitoka katikati, ikafika miguuni pake, ikakoma. Akahesabu pumzi zake. Kumi na moja. Mikunjo mitatu tena.

Aliijua mikunjo ile. Wazee waliuita mti unaopumua: gogo kubwa lililozama, mizizi imeng'ang'ania mchanga, kichwa kikishuka na kupanda, na kila kikipanda kikisukuma mikunjo. Likishuka, mto hutulia. Likipanda, hupasua boti.

"Germaine, shuka."

"Papa! Biashara yangu yote iko ndani, nitashuka namna gani?"

Jephté, mwendesha boti, alicheka. "Papa Augustin, maji iko kimya kabisa. Unaogopa nini?"

"Maji iko inapumua, mutoto. Tuma kwanza pirogi ndogo ya makasia ipime."

"Alors, tungoje mpaka Pasaka? Mwenye kuona mubaya akae mbele. Si ni ninyi wazee mulisema vile?"

Abiria wakaangua kicheko. Jephté alitania tu, lakini hiyo ndiyo ilikuwa sheria: aliyeona ubaya wa maji habaki nchi kavu. Ndiyo maana wapima-maji hawakusema ovyo, na waliposema waliaminiwa. Siku hizi kila mtu ana maneno, na mbele hakai mtu.

Augustin alipanda na goti lake bovu, akakaa omoni mikono mitupu.

Wakang'oa nanga. Mikunjo ilipita ubavuni, akaanza kuhesabu. Saba. Nane. Maji mbele yalikuwa yamenyooka, yanavutia. Tisa. Akanyoosha mkono wa kushoto. Injini haikubadili sauti. Jephté hakuijua lugha ya mkono. Ni Germaine, aliyekulia katikati ya miguu ya baba yake kwenye omo kama lile, aliyepiga kelele:

"Kushoto! Jephté, kata kushoto!"

Boti ikalala ubavu. Upande wa kulia, karibu kiasi cha kuguswa, mgongo mweusi wa gogo ukapanda ukidondosha matope, mpana kuliko boti yenyewe. Ukakaa kidogo. Ukazama, na maji yakajifunga juu yake, laini.

Hakuna aliyecheka tena. "Aksanti, papa," Jephté alisema kwa sauti ndogo.

Augustin alikuwa anatazama nyuma. Boti ya Wenceslas, mwendesha boti mwingine, ilikwisha kung'oa nanga, ikifuata njia ile ile, imejaa wanakwaya wanaoimba, na kwenye omo lake yalikuwako makreti ya chupa tupu, basi. Augustin akasimama, akainua mikono yote miwili, akaitikisa.

Kule, akina mama wakainua yao, wakampungia kwa furaha.

Mkondo ulikuwa unamchukua mbali. Akaanza kuhesabu pumzi tena. Tano. Sita. Saba.