Doa kwenye kisigino cha mama mkwe: tulidhani ni weusi wa tairi

Wakuu, salaam. Wewe unayesoma, sogea karibu unisikilize, maana nitaieleza polepole, kama ninavyomweleza mteja kwa nini tairi lake linaisha upande mmoja. Ni jambo la nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi, na mwenye mguu ameniruhusu niliseme.

Mimi ni fundi matairi hapa Karatu, Mwiraqw wa kata ya Daa. Naziba pancha na kubadilisha matairi ya magari yanayopanda Ngorongoro. Mke wangu, Nashipai, ni Mmasai wa Soitsambu. Alipojifungua mtoto wetu wa pili, mama yake akaja kumtunza uzazi.

Kwa wasiojua: kwa Wamasai, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hamli pamoja, humkazii macho, hamkai sebuleni kupiga soga. Wakati wa posa nilimpa kondoo, kwa hiyo tunaitana Paker, jina la heshima linalotokana na huyo kondoo. Tukikutana uani, kila mmoja anakumbuka ana shughuli upande wa pili.

Na ni mama mcheshi kweli. Ila utani wake huwa unanifikia kupitia ukutani.

Sasa, Paker anavaa katambuga, vile viatu vya tairi. Tairi la hizo za sasa nilimpa mimi. Jasho likitoka, tairi linaacha weusi unyayoni, ndiyo maana kila jioni anakaa bombani anasugua miguu kwa jiwe.

Jioni moja nilikuwa pembeni ya nyumba naosha pikipiki. Yeye hakujua kama nipo. Akasugua miguu mpaka ikatakata, isipokuwa kisigino cha kushoto. Pale kulibaki doa la ukubwa wa kizibo cha soda.

Akalisugua kwa nguvu. Likatoa damu. Akalimwagia maji, akavaa katambuga, akaenda zake.

Wakuu, mikono yangu inashinda kwenye matairi. Weusi wa tairi naujua. Unatoka kwa sabuni ya unga, na usipotoka leo, baada ya siku kadhaa unafifia wenyewe. Hautoi damu. Na lile doa lilikuwa na kingo zilizopinda kama ramani, sehemu nyeusi tii, sehemu ya kahawia. Hilo halikuwa tairi.

Nikamfuata mke wangu jikoni.

"Mama ana doa baya kisiginoni."

"Wewe kisigino cha mama yangu umekionea wapi?"

"Nilikuwa naosha pikipiki."

"Kumbe pikipiki yetu siku hizi inaoshwa huku unaangalia wakwe!"

Alicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini alipoona mimi sicheki, akaenda kumuuliza mama yake. Akarudi na jibu.

"Anasema ni tairi lako. Eti mara nyingine umtafutie la gari la watalii, hilo ulilompa linachuja."

"Muulize limeanza lini."

Akaenda tena, akarudi. Safari hii hakuwa anacheka. Doa lilikuwepo tangu kabla ya mvua zilizopita, na wakati huo lilikuwa dogo kama punje ya mtama.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kitu kilichokuwa punje ya mtama kimekuwa kizibo cha soda, na Paker alikuwa ameshafungasha. Keshokutwa yake angerudi Soitsambu kwa ng'ombe wake, ambako kumpata daktari ni safari. Nashipai akambembeleza aende hospitali. Akakataa. Mguu hauumi, aende kufanya nini?

(Hapo niweke alama kidogo. "Hauumi" ndiyo sentensi inayotuponza wengi. Dalili nyingi za mwanzo za magonjwa ya ngozi haziumi kabisa.)

Nilitamani kumwambia mwenyewe, lakini mkwe anaanzaje kuzungumzia unyayo wa mama mkwe? Nikakumbuka kitu kimoja. Paker ana mifugo mingi na anamjua kila mnyama kwa alama zake. Ng'ombe akipata kovu jipya, kabla hajafika zizini ameshaliona.

Asubuhi yeye alikuwa chumbani na mtoto, mimi na Nashipai tuko sebuleni. Nikapaza sauti, namwita mke wangu kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

"Mama Lemayan, hivi ukiwa na mbuzi, akatokwa na doa jeusi karibu na kwato, kila mvua linakua, likiguswa linatoa damu, unamfanyaje?"

Nashipai akaelewa, akabana kicheko. "Mimi sijui. Labda tumuulize mwenye mbuzi."

Sauti ikatoka chumbani.

"Mwambie mumeo, mbuzi huyo anaitiwa daktari wa mifugo mapema."

"Na kama haumwi mguu?" Nashipai akauliza.

"Mbuzi anajua kusema anaumwa? Unaangalia doa, humsubiri mbuzi!"

Mimi nimeinamisha kichwa kama niko kanisani.

"Nashipai," mama akaita.

"Yeyo," akaitika, yaani mama.

"Mwambie Paker mbuzi amesikia. Ila kama hospitali watanipiga sindano ya mifugo, kondoo wake namrudishia."

Tukaenda siku hiyo hiyo. Bodaboda mbili, yeye na binti yake mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima.

Daktari alikuwa dada mpole. Aliangalia lile doa kwa tochi ndogo yenye lenzi, akasema hapendi linavyoonekana, akakata kipande kidogo kikapelekwa kupimwa. Paker akakubali kuahirisha safari. Siku za kusubiri majibu nyumba ilipoa. Hata utani wa ukutani ulisimama.

Majibu yalikuja: saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye chembe za rangi. Kwa sisi weusi inapenda kutokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha, sehemu tusizoziangalia. Ila ilikuwa bado iko juu juu, haijazama. Akapelekwa hospitali kubwa, wakalikata doa lote na kuziba pale kwa ngozi ya pajani.

Siku ya majibu nilimuuliza yule daktari dada swali lililokuwa linanikaba: tairi langu ndilo lililomletea? Akasema hapana. Tairi halikuleta ugonjwa, lilituzuia tu kuuona.

Kwa kuwa tulikuwa pale, alitutazama na sisi. Mimi nina mistari myeusi kwenye kucha kadhaa tangu ujana, akasema kwa watu weusi ni kawaida. Cha kuogopa ni mstari mmoja mpya kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka au weusi wake kumwagikia kwenye ngozi ya pembeni. Nashipai alikuwa na vipele kwenye paji, pale rasta zinapobana, na nywele zimeanza kukimbia. Akaambiwa afumue, apumzishe kichwa, maana nywele za pembeni zikivutwa miaka na miaka hufika mahali hazirudi.

Dalili nyingine aliyotuambia, naona ni muhimu kwa wafugaji na wakulima: baka lililopauka ambalo ukiligusa halina hisia yoyote. Wengi tunasema ni fangasi, tunapaka krimu ya dukani. Linaweza kuwa ukoma, na ukoma ukiwahiwa unapona kabisa. Pia kidonda kisichopona wiki nenda wiki rudi, usikizoee.

Sisemi kila doa ni saratani, msije mkajaza zahanati kwa chunusi. Mengi hayana neno. Nililojifunza ni kuuliza: ni jipya? Linabadilika? Linatoa damu? Halifanani na mengine? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, nenda ukaonyeshe.

Paker yuko Soitsambu, anatembea, anahudhuria kliniki zake. Anachechemea kidogo asubuhi, basi. Juzi Nashipai aliongea naye kwa simu, nikasikia: "Mwambie Paker nimekagua nyayo za boma zima. Wazee wamekasirika, lakini wamevua viatu."

Nilicheka peke yangu gereji mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Karibuni wakuu. Kama kuna aliyepitia jambo la ngozi, nywele au kucha, atuambie aliligunduaje. Na wataalamu wa afya mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni bila kunichapa.

Wewe uliyefika hapa: leo ukimaliza kuoga, kaa kwenye mwanga, geuza nyayo zote mbili, tanua vidole, angalia na kucha. Sehemu usizoziona, mwombe mtu wa nyumbani akuangalizie.